SOMO LA TISA: SEVA NYUMBANI KWAKO

Wiki iliyopita tulijifunza jinsi intaneti inavyofika nyumbani. Leo tutajifunza habari za seva. Fungueni madaftari na mshike penseli, maana leo pana hesabu.

Seva ni nini? Ni kompyuta inayokesha usiku na mchana ikingoja kuulizwa, na ikiulizwa hujibu. Seva ya kwanza ya tovuti iliwashwa mwishoni mwa mwaka 1990 na Tim Berners-Lee, huko CERN, karibu na mji wa Geneva, Uswisi. Ilikuwa kompyuta ya mezani tu, nayo ilibandikwa karatasi ya kuwaonya watu wasiizime. Basi, hata kompyuta ndogo ya nyumbani kwako yaweza kufanya kazi hiyo.

Tuseme wewe ni mpiga picha, nawe wataka watu waone picha zako. Yako mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni anwani. Anwani za intaneti za aina ya zamani hazizidi bilioni 4.3, na ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho Februari 2011. Kwa hiyo kampuni nyingi huwapa wateja wengi anwani moja. Fikirini shule yenye sanduku moja la posta. Mwanafunzi akipeleka barua, karani huandika jina lake, na jibu likija humfikia. Lakini ikija barua ngeni isiyo na jina, karani ampe nani? Ndiyo sababu wewe wasoma habari za dunia bila shida, lakini mgeni hawezi kuifikia seva yako. Tazama anwani ya nje iliyoandikwa katika ruta yako, uilinganishe na ile inayoonekana na tovuti za nje. Zikitofautiana, huenda mnashiriki sanduku moja. Iombe kampuni anwani yako mwenyewe, uulize na bei yake.

La pili ni mwendo. Mgeni akitazama picha yako, picha hutoka kwako kwenda kwake, na mara nyingi njia ya kutoka ni nyembamba kuliko ya kuingia. Sasa tupige hesabu. Picha moja ni megabaiti 3, yaani megabiti 24. Njia yako hupitisha megabiti 2 kwa sekunde. Mgeni mmoja atangoja sekunde 12. Wakija kumi kwa pamoja, watangoja dakika 2. Basi, punguza ukubwa wa picha. Tena kumbuka kwamba umeme ukikatika, seva nayo hulala.

La tatu ndilo kubwa: usalama. Ukimfungulia mlango mteja, umemfungulia na mwizi. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliingia katika kamera na ruta nyingi mno duniani, kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Kisha vyombo hivyo vilitumiwa kushambulia wengine.

Kwa hiyo fanya hivi. Badilisha neno la siri la ruta na la seva. Fungua milango miwili tu ya tovuti, namba 80 na 443. Pokea masahihisho ya programu kila yanapotolewa. Tumia kompyuta ya peke yake, wala usiweke humo daftari la wateja wala picha walizokukabidhi kwa siri. Kama huna nafasi ya kuiangalia kila wiki, ni afadhali ukodi nafasi katika seva ya kampuni. Mwenye seva ndiye bawabu wake.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini barua ngeni haimfikii mwanafunzi?
2. Picha ya megabaiti 1 itachukua sekunde ngapi katika njia ile ile?
3. Ni vitu gani hutaviweka katika seva yako, na kwa nini?

Kwaherini, mpaka wiki ijayo.