Ndoo ya Januari

Siku ya pili ya Krismasi ni vigumu kumpata mbwa mwenye njaa Marangu. Wenyeji wamerudi kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Dodoma na Nairobi, magari yenye vumbi la safari yamebanana pembeni mwa migomba, na vihamba vingi, yale mashamba ya familia, vimechinja mbuzi. Kuna supu, kuna kisusio, kuna ndafu kwa wenye uwezo, na kuna mifupa. Hata yule asiye na kwao, anayeitwa koko na kufukuzwa kwa mawe mwaka mzima, mchana huo amejilaza kivulini kwa shibe.

Halafu Januari inaingia. Magari yameteremka hadi Himo na kushika barabara kuu. Ada za shule zinadai, nyama inarudi kuwa chakula cha Jumapili, na mbwa yule yule anaonekana tena kwenye jalala la sokoni, mbavu zikihesabika. Mtu mwenye kituo kidogo cha kuokoa wanyama kwenye miteremko hii ya Kilimanjaro hana haja ya kalenda ukutani. Anaisoma kwenye mabakuli.

Wanaotaka kusaidia wapo. Tatizo ni kwamba wema wao huja kwa msimu kama mvua za vuli, na mara nyingi hushuka mahali ambapo hapakupandwa kitu.

Hesabu yenyewe haina siri. Chukua kituo chenye mbwa ishirini wa kawaida, wale wa kahawia wenye uzito wa kilo kumi na tano hivi. Mbwa mzima wa uzito huo anahitaji takriban kalori 850 kwa siku. Kwa chakula kikavu cha dukani, hiyo ni karibu robo kilo; mbwa ishirini ni kilo tano kila siku, kilo 150 kwa mwezi, na bei ya mfuko mmoja dukani humfanya mteja aurudishe kwenye rafu polepole. Kwa chakula cha kupika, nguvu hiyo hiyo inapatikana kwenye kilo nne za unga wa dona na kilo moja ya dagaa, pamoja na kipande cha boga au mchicha wa kupooza sufuria. Kwa mwezi ni gunia moja na kidogo la mahindi, na kilo thelathini za dagaa. Hapo mazungumzo yanabadilika. Mzigo huo unabebwa na bodaboda kwa safari mbili tatu.

Jibu la kwanza la jirani, hata kabla ya kuulizwa, ni kwamba mbwa hujitafutia. Na Kilimanjaro ina simulizi za kuunga mkono jambo hilo: mwaka 1962 msafiri Mwingereza Wilfred Thesiger, akiwa kwenye kilele cha Kibo, aliwaona mbwa mwitu watano juu ya theluji. Lakini wale walikuwa mbwa mwitu kweli, mnyama wa jamii nyingine anayewinda kwa kundi na asiyemjua binadamu. Huyu wa kijijini ameishi na watu maelfu ya miaka. Kujitafutia kwake maana yake ni kuingia kwenye banda la kuku la mama wa jirani, na mwisho wa safari hiyo unajulikana.

Basi chakula kiko wapi?

Mgeni hudhani kiko kila mahali, kwa jinsi mlima ulivyo wa kijani. Mwenyeji anajua kwamba kihamba hakitupi kitu. Maganda ya ndizi ni ya ng'ombe aliyefungiwa bandani, mgomba uliokatwa ni wa ng'ombe huyo huyo, machicha ya mbege, pombe ya ndizi, yana mfugaji anayeyasubiri, na mabaki ya hotelini yalishawekewa oda na mwenye nguruwe. Buchani nako hali ni hiyo hiyo. Utumbo ni supu, kichwa ni supu, kongoro ni supu. Miguu ya kuku inakaangwa stendi na kuliwa na pilipili. Anayekuja na ndoo kuomba "takataka" za bucha anaomba chakula cha mtu. Anaingia kwenye foleni ambayo imekuwepo miaka mingi kabla yake, na ni vizuri aingie akijua hivyo, kwa salamu na subira.

Ndiyo maana anayetafuta chakula kwa bidii huishia kutazama chini, tambarare. Himo, pale njia ya Marangu inapoiacha barabara kuu, ni mji wa nafaka. Malori ya mahindi hupakia na kupakua hapo, na kila panapopakuliwa magunia hubaki punje za kufagiwa. Upande wa Chekereni kuna mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na penye mpunga pana mashine za kukoboa, na penye mashine pana chenga. Chenga ni mchele ule ule uliovunjika; mbwa hana habari na urefu wa punje. Kusini zaidi kuna bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, ambako perege huparuliwa kila siku na vichwa vingine hubaki kwenye mawe. Na sokoni, chini ya kila gunia la dagaa, kuna vumbi la dagaa. Muuzaji huliuza kwa bei ya kutupa, au hulitoa bure kwa mteja anayerudi kila wiki bila kukosa.

Kurudi kila wiki ndiyo kazi yenyewe. Mwenye mashine hakumbuki barua nzuri ya maombi. Anamkumbuka mtu wa Jumanne.

Ila bure nayo ina masharti yake. Mahindi ya kufagia wakati wa masika huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Tanzania inaijua sumu hiyo: mwaka 2016 iliwaua watu wapatao ishirini katika mikoa ya kati. Kenya mwaka 2004 ilipoteza watu 125. Mbwa ini lake haliko salama zaidi. Mwishoni mwa 2020 huko Marekani, chakula kikavu cha mifuko, chenye nembo na picha ya mbwa anayetabasamu, kilikutwa na sumukuvu baada ya kuua mbwa zaidi ya sabini. Kuchemsha hakuiondoi. Kwa hiyo gunia lenye harufu ya uvundo linakataliwa, hata kama aliyelileta ni mzee wa kanisa na amelibeba mwenyewe begani. Ni vigumu kumkatalia mtu zawadi mlangoni, hasa Uchagani, lakini vituo vinavyodumu ni vile vilivyojifunza kufanya hivyo kwa adabu.

Nyama mbichi za machinjioni zina hadithi yake. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilijulikana duniani kwa ugonjwa wa uvimbe wa maji unaoletwa na tegu mdogo wa mbwa: mbwa anakula ini au pafu lenye vimelea, anavitoa kwenye kinyesi, mtoto anashika manyoya yake kisha anakula kwa mkono. Shirika la afya la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti huko mwaka 1983. Somo lake kwa mpishi wa mbwa wa Marangu ni nusu saa ya moto: mapafu na maini yachemke kiasi hicho kabla hayajafika bakulini. Mifupa ya kuku iliyopikwa itolewe, maana hupasuka kama vijiti na kuchoma utumbo.

Na hotelini? Hapo kuna kitunguu. Mapishi yetu huanza na kitunguu na kitunguu saumu vikikaangwa, na vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na za paka zaidi. Mabaki ya sahani, yenye rojo na chumvi, hayafai. Kinachofaa ni ukoko wa wali mweupe na ugali uliobaki sufuriani kabla haujakutana na mchuzi. Mpishi akielezwa hivyo huelewa mara moja, kwa sababu ni lugha ya kazi yake. Bila maelezo ataweka kila kitu kwenye ndoo moja, na mwenye nguruwe ndiye atakayefaidi.

Paka anahitaji sentensi zake mwenyewe. Watu wengi humpa ugali na maziwa wakiamini wamemlea. Mwili wa paka hautengenezi vya kutosha kiini kiitwacho taurini, kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Akikikosa hupofuka, na mwaka 1987 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba moyo wake pia hulegea na kushindwa kusukuma damu. Dagaa mzima, aliyechemshwa, humtosheleza kuliko bakuli la maziwa.

Sasa kuna mtalii. Marangu ni lango la zamani la mlima, na kila msimu mgeni mmoja au wawili hufika na mfuko wa biskuti za mbwa ndani ya sanduku, kilo mbili zilizosafiri angani kutoka Ulaya. Nia yake ni safi. Lakini kilo mbili ni chini ya nusu siku kwa mbwa ishirini, chakula cha mifugo kuingia nchini kina sheria na vibali vyake, na fedha iliyonunua mfuko ule ingeweza kuacha gunia zima Himo. Moshi kuna mfano wa kuazima: mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, ulioanza mwaka 2003, hukusanya makoti na viatu wanavyoacha wapandaji na kuwaazima wapagazi. Mgeni anaacha kile ambacho tayari anacho na ambacho hapa ni ghali. Kwa kituo cha wanyama, hicho ni mikanda ya shingo na taulo kuukuu. Unga tunao.

Hata hiyo biskuti inayosafirishwa ilianza kama makombo. Inasimuliwa kwamba Mmarekani James Spratt, aliyekuwa London kwenye miaka ya 1860 akiuza vikinga radi, aliwaona mbwa bandarini wakigombea biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa. Akatengeneza yake, akatajirika. Wakati huo huo, mwaka 1860, mama mmoja wa jiji hilo, Mary Tealby, alifungua nyumba ya mbwa waliopotea, na gazeti la The Times likamkejeli: watu wana njaa, yeye analisha mbwa. Nyumba yake ilihamia Battersea mwaka 1871, na ingalipo.

Kejeli hiyo husikika pia Marangu Mtoni, na si ya kupuuzwa, kwa kuwa anayeisema huenda kweli ana watoto wanaosubiri chakula. Jibu lake liko kwenye zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na jarida la Shirika la Afya Duniani ulikadiria kwamba kichaa cha mbwa huua karibu watu 1,500 Tanzania kila mwaka, na wanaoumwa zaidi ni watoto. Kinga yake ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi. Mbwa aliyezoea bakuli huja akiitwa, hushikwa, huchanjwa, huhasiwa. Mbwa wa jalalani hashikiki. Mbwa wa Africa, shirika la uokoaji lililoko Usa River kwenye njia ya Arusha, huunganisha kazi hizo hizo: kuokoa, kuhasi, kuchanja. Sufuria ndiyo inayotangulia.

Anayetaka kuanza Marangu mwaka huu asisubiri Januari. Wiki ya Krismasi, mabaki ya nyama yanapozidi, yachemshwe, yakatwe vipande vyembamba na kukaushwa juu ya dari la jiko la kuni, pale moshi unapopita. Apeleke ndoo mbili zenye mfuniko kwa mpishi mmoja tu wa hoteli, moja ya wali na moja ya ugali. Na aandike neno MBWA kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, pande zote mbili, kwa sababu ndoo nzuri yenye mfuniko, ikiachwa jikoni bila jina, jioni huondoka na mtu na kwenda kuhifadhi mbege.