Alama za Vidole Vyetu Zimewekwa Wapi?

(Hotuba ya Kamati ya Wakimbizi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kila mwaka siku hii tunazungumzia chakula, kuni na shule. Safari hii watu wa vijijini mwetu wametutuma tuulize jambo jingine. Katika uhakiki uliopita tulipanga foleni tangu alfajiri, tukaweka vidole kwenye mashine, tukapigwa picha za mboni za macho. Mama mmoja mzee alikataliwa na mashine mara tatu, maana vidole vyake vimechakaa kwa jembe na moto. Mara ya nne ikamkubali. Alipotoka akatuuliza: "Sasa vidole vyangu vimekwenda wapi?" Hatukuwa na jibu.

Hatukatai kuandikishwa. Zamani kadi za mgao ziliuzwa, wengine wakala mara mbili na wengine wakalala njaa. Tuseme kweli, hata baadhi yetu tulishiriki. Lakini kadi ikipotea unapewa nyingine. Alama ya kidole ikishaingia mikononi mwa mtu mbaya, hakuna ofisi ya kukupa kidole kipya.

Tena sisi ni watu wa Maziwa Makuu, tunajua karatasi inavyoweza kuua. Nchini Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994 vitambulisho vya namna hiyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na aliyesomeka Mtutsi aliuawa.

Ya wenzetu Warohingya waliokimbilia Bangladesh ni ya juzi tu. Kuanzia mwaka 2018 serikali ya nchi hiyo na UNHCR waliwaandikisha pamoja, wakawapa kadi za kupatia misaada. Juni 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba Bangladesh ilikuwa imepeleka majina yasiyopungua 830,000 kwa serikali ya Myanmar, ile ile waliyoikimbia, pamoja na picha na alama za vidole gumba. Kati ya wakimbizi 24 waliohojiwa, karibu wote walisema waliambiwa habari ya misaada tu. Stakabadhi waliyopewa iliandikwa kwa Kiingereza. UNHCR ilijibu kwamba iliwaeleza watu na kupata ridhaa yao. Sisi hatukuwapo. Ila tunajua mtu mwenye njaa anavyojibu akiulizwa kama anakubali.

Hata mtunzaji mwema huibiwa. Januari 2022 Msalaba Mwekundu wa Kimataifa ulitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wengi wao wakiwa watu waliotengana na jamaa zao au wanaotafutwa. Wangapi hapa tuliwahi kuandika zile barua za kutafuta ndugu?

Halafu kuna makampuni makubwa. Mwaka 2019 Shirika la Chakula Duniani lilitia saini mkataba wa dola milioni 45 na Palantir ya Marekani, kampuni iliyofanya kazi na majasusi wa nchi hiyo. Shirika lilisema kampuni haitapewa habari za kumtambulisha mtu mmoja mmoja. Tulipenda kusikia hivyo, lakini tungependa zaidi tuonyeshwe.

Tangu mwaka 2015 UNHCR ina sera inayompa mkimbizi haki ya kujulishwa, kuziona habari zake, kuzisahihisha na kupinga. Basi tunaomba tuelezwe kwa Kiswahili, Kirundi na Kibembe: nani anaziona alama zetu, je, serikali tulizozikimbia zinaweza kupewa, na mtu akikataa habari zake zisipelekwe kwingine, mgao wake utabaki? Majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo, na wasiojua kusoma wasomewe kwenye mikutano ya vijiji, kabla ya uhakiki ujao. Yule mama tumemwahidi kwamba tutarudi kwake.