Maamuzi ya Mji na Kazi ya Askari



Taarifa za habari hutanguliza mambo makubwa: mikutano ya wakuu wa nchi, vita vya mbali, bei ya kahawa na ya mafuta. Maamuzi ya baraza la mji mdogo hayapati nafasi katika taarifa hizo, na yakipata huwa mwishoni, kabla ya hali ya hewa. Hata hivyo mwananchi wa Nyamugari, mtaa mmojawapo wa mji wa Gitega, huishi siku nzima chini ya maamuzi hayo. Ndiyo yanayomwambia mwuza mboga aketi wapi na alipe ushuru gani. Ndiyo yanayopanga saa ya kufunga vilabu vya pombe, mahali pa kutupa taka, na upana wa njia inayopita kati ya nyumba na nyumba. Na maamuzi hayo yanapokataliwa, anayetumwa kuyatekeleza ni askari.

Hii ndiyo sababu jambo linaloonekana kuwa la makarani lawahusu watu wenye sare. Uamuzi uliofanywa vibaya ofisini humfikia askari ukiwa umegeuka ugomvi, naye hutakiwa kuumaliza ugomvi huo mbele ya macho ya umma.

Mji wa Gitega wenyewe una historia ya kijeshi. Mwaka 1912 watawala wa Kijerumani walihamishia hapo makao yao ya Urundi kutoka Usumbura, na askari wao, wapagazi na wafanyabiashara wakaja na lugha ya Kiswahili ambayo haijatoka mjini hata leo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wabelgiji waliweka makao yao makuu ya utawala Usumbura, na Gitega, wakati huo ukiandikwa Kitega, ukabaki mji wa katikati ya nchi, mji wa mwami na wa misheni. Kisha, mnamo Januari 2019, Bunge lilipitisha sheria iliyoufanya Gitega kuwa mji mkuu wa siasa wa Burundi, na Bujumbura ukabaki mji mkuu wa biashara.

Sheria ya namna hiyo hupitishwa kwa siku moja, lakini mzigo wake hubebwa na mtaa kwa miaka mingi. Ofisi zinapohamia mji, watumishi huzifuata. Watumishi huhitaji nyumba. Wenye nyumba huhitaji mafundi, matofali, maji na soko. Kiwanja kilicholimwa maharage jana hupata wanunuzi wawili leo. Njia iliyotosha baiskeli hutakiwa kupitisha gari. Mfereji uliochimbwa kwa ajili ya nyumba chache hupokea maji ya mabati mengi. Hapo ndipo uamuzi mdogo wa mji unapoacha kuwa mdogo.

Uchukuliwe mfano wa mfereji huo. Mvua za Burundi huanza kunyesha mnamo Septemba au Oktoba, na huendelea mpaka Mei, na miji ya nyanda za juu imejengwa juu ya miteremko. Mtu mmoja akiongeza ukuta wake kwa hatua mbili na kuufunika mfereji, yeye hapati hasara yoyote. Maji humrudia jirani wa chini. Jirani hulalamika kwa mkuu wa mtaa. Mkuu wa mtaa asipotoa uamuzi, jirani hushika jembe. Na baada ya jembe huja panga. Wengi miongoni mwa askari waliokwisha kutumikia vilimani wanazijua kesi zilizoanza kwa mpaka wa shamba na kuishia kwa maiti. Kama ukuta ungalizuiwa siku msingi ulipochimbwa, kazi ingalikuwa ya mtu mmoja mwenye kamba ya kupimia.

Ni nani basi mwenye wajibu wa kuizuia? Sheria ya tarafa ya mwaka 2005 iliweka baraza la tarafa lenye wajumbe 15 waliochaguliwa na wananchi, na chini yake mabaraza ya vilima na mitaa yenye watu 5. Katika mabaraza hayo ya chini, aliyepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye aliyekuwa mkuu wa kilima au wa mtaa. Wagombea wake hawakusimama kwa jina la chama. Mpango huo ulikuwa na maana kubwa: watu watano wanaojulikana kwa majina, kwa nyumba na kwa tabia walipewa kazi ya kusikiliza na kupatanisha kabla shauri halijapanda ngazi, wakikaribiana katika kazi hiyo na wazee wa bashingantahe, ambao desturi iliwapa heshima ya kuamua kwa haki tangu zamani.

Ngazi zilizo juu yao zimebadilika. Sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42, na uchaguzi wa mwaka 2025 ukafanyika kwa kufuata mipaka hiyo mipya. Mkoa wa Gitega umepanuka na kuchukua sehemu za Karuzi, Muramvya na Mwaro. Muyinga, mji ulio kwenye njia ya kwenda mpaka wa Tanzania, ulikuwa makao ya mkoa wake wenyewe. Sasa umo katika mkoa wa Buhumuza, ambao makao yake yako Cankuzo.

Nia ya mageuzi hayo ni kupata tarafa zenye nguvu na gharama ndogo za utawala, na nia hiyo ina hoja. Lakini tarafa inapokuwa kubwa, mtawala wake huwa mbali zaidi na mfereji. Hawezi kuona kila ukuta unaopanda. Kwa hiyo mkuu wa mtaa na wenzake wamekuwa na uzito mkubwa kuliko zamani, na iwapo watalala au watanunuliwa, hakuna jicho lingine lililo karibu ila la askari wa doria.

Nchi jirani ya Tanzania ililipa ada ya somo hili. Mwaka 1972 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Mabaraza ya wilaya yalivunjwa, na baada yake mabaraza ya miji. Kazi zao zikakabidhiwa maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani. Kusudi lilikuwa jema, nalo ni kuharakisha maendeleo ya vijiji. Ila miji ilikosa mwenyewe. Mapipa ya taka yalifurika, mifereji iliziba, barabara za mitaa zilichimbika, huduma za zimamoto zilidhoofika, na kipindupindu kilipozuka katika miaka hiyo kilikuta miji isiyokuwa na mlinzi wa usafi. Mwaka 1978 ilitungwa sheria ya kuyarudisha mabaraza ya miji, na mwaka 1982 zikafuata sheria za kuzirudisha serikali za mitaa kwa jumla. Mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzivunja kulikuwa kosa.

Jambo la kuangaliwa hapo ni kwamba maofisa waliopelekwa miji ya Tanzania hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa na elimu, magari na madaraka. Walichokosa ni mtu wa mtaani mwenye haki ya kuwauliza kwa nini gari la taka halikupita juma hili. Uamuzi wa kila siku wa mji hauhitaji akili kubwa. Huhitaji mtu anayeulizwa.

Burundi nayo ina siku yake ya kukumbuka. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliwaka moto. Vyombo vya kuzima moto vilikuwa vichache mno kwa moto wa ukubwa ule, na nchi ya Rwanda ilituma helikopta kuja kusaidia. Mali ya maelfu ya wafanyabiashara iliteketea, na wengi wao walikuwa wamekopa. Kila soko kubwa hutawaliwa na kanuni zinazochosha kuzisoma: upana wa ujia kati ya meza na meza, nyaya za umeme, mahali pa maji, ni nani mwenye funguo siku ya mapumziko. Siku moto unapowaka, kanuni hizo ndizo zinazogawa mali iliyookoka na mali iliyopotea. Mwuzaji anayeambiwa leo aondoe meza yake ujiani humwona askari kuwa mtesi wake. Ni haki yake kuambiwa sababu, na ni wajibu wa mji kumpa mahali pengine pa kuketi.

Hapa ndipo kazi ya askari inapoanza. Mwaka 2000, mjini Arusha, Warundi walitia saini mapatano ya amani, na katika matunda ya mapatano hayo yalizaliwa Jeshi la Ulinzi la Taifa na Polisi ya Taifa, vyombo vilivyoanzishwa kwa sheria za tarehe 31 Desemba 2004. Waliokuwa wamepigana waliingia katika sare moja. Katiba ya mwaka 2005 ilitaka kabila lolote lisizidi nusu katika vyombo hivyo, na ikataka pia watawala wa tarafa wasizidi asilimia 67 kutoka kabila moja. Kanuni hizo mbili zilikuwa na shabaha moja. Mwananchi anayesimama mbele ya bunduki au mbele ya meza ya ofisi asilazimike kujiuliza kwanza mwenye bunduki au mwenye meza ni wa ukoo gani.

Lakini imani hiyo haihifadhiwi na hesabu za katiba peke yake. Hujengwa au kubomolewa kwenye kibanda cha mwuza ndizi. Askari anapofika na amri ya kuvunja kibanda, mwananchi hutazama mambo machache tu. Hutazama kama amri imeandikwa na ina muhuri, au ni maneno ya mkubwa fulani. Hutazama kama alipewa siku za kujitayarisha, au amegutushwa alfajiri na sauti ya nyundo. Na zaidi ya yote hutazama kama kibanda cha jirani, ambaye mumewe ni ofisa, kimebaki kimesimama.

Jambo hili la mwisho halina budi kusemwa waziwazi. Askari naye ana nyumba. Naye ana ndugu anayetafuta kiwanja, na mke anayeuza mkaa kando ya barabara. Kama ukuta wake umefunika mfereji, maji yanayomharibia jirani hayaulizi cheo chake. Ofisa anayeuvunja ukuta wake mwenyewe siku ya tangazo huwa amefanya kazi ambayo kikosi kizima hakiwezi kuifanya kwa mwezi. Na ofisa anayetumia sare kuulinda ukuta huo huwafundisha watu wa mtaa mzima kwamba sheria ni ya wanyonge.

Vivyo hivyo kuhusu ushuru. Fedha ya soko ndiyo inayolipa wafagiaji na kutengeneza njia. Mama anayelipa na kupewa risiti ameuchangia mji wake. Anayelipa bila risiti ameporwa, hata kama aliyepokea amevaa sare safi. Polisi anayesimama karibu na mtoza ushuru ana haki na wajibu wa kuuliza risiti iko wapi. Swali hilo halihitaji cheo, nalo huokoa fedha nyingi kuliko msako wa mara moja kwa mwaka.

Wapo watakaosema kwamba askari hufundishwa kutii, wala si kuuliza. Maneno hayo ni nusu ya kweli. Askari hufundishwa kutii amri halali, na amri ya mji huwa halali inapotoka kwa mwenye madaraka, kwa njia iliyowekwa. Kuuliza barua iliyotiwa saini si uasi. Ni nidhamu ya juu zaidi, kwa sababu humkinga askari mwenyewe na lawama ya kesho. Wakubwa waliotoa amri kwa mdomo mara nyingi huisahau pindi shauri linapofika mahakamani.

Tena askari ana nafasi ambayo karani hana. Hupita mtaani usiku na mchana. Huona ni bomba lipi lisilotoa maji, ni taa ipi iliyozimika, ni njia ipi inayoanza kuzibwa kwa matofali. Taarifa yake ya mistari mitatu kwa mkuu wa mtaa, au kwa Regideso ikiwa shida ni ya maji au umeme, huweza kuzuia ugomvi ambao ungalimwita tena baada ya mwezi akiwa na pingu. Na siku ya Jumamosi, wananchi wanapotoka kwa kazi za pamoja, askari wa zamu ya mapumziko anayeshika koleo pamoja nao huyajua mambo ambayo hakuna mpelelezi angaliyapata.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika miji yetu inayokua maneno hayo yana maana yake wazi kabisa. Nyamugari ya Gitega na mitaa ya Muyinga haitapimwa kwa majengo makubwa yatakayosimama barabarani. Itapimwa mvua zitakaporudi, maji yakipata njia, na wenye nyumba za juu na za chini wakilala bila kumtuma mtu kuwaita polisi.