Kosa la Kira

Wahitimu wetu wa uigizaji, hongereni.

Leo nawasimulia habari za mwenzenu, Kira Andronikashvili wa Georgia. Mwaka 1928 aliigiza katika Eliso, sinema bubu ya Nikoloz Shengelaia. Inaonyesha serikali ya mfalme wa Urusi ikiwang'oa Wachecheni vijijini mwao mwaka 1864, wakimbilie himaya ya Osmani. Hakuna sauti, kwa hiyo uchungu wote wa kufukuzwa unabebwa na nyuso. Itafuteni muitazame.

Miaka tisa baadaye serikali ya Kisovieti ikabisha hodi mlangoni kwake. Mumewe alikuwa mwandishi Boris Pilnyak. Usiku wa tarehe 28 Oktoba 1937, siku mtoto wao alipotimiza miaka mitatu, mtu alifika nyumbani kwao Peredelkino, karibu na Moscow, akamwita Pilnyak kwa mazungumzo ya saa moja tu. Kira hakudanganyika. Akamletea mumewe kifurushi cha safari, lakini Pilnyak akakikataa; alitaka kutoka nyumbani kwake akiwa mtu huru. Alikamatwa, na Aprili 1938 akauawa kwa kupigwa risasi.

Kira naye akakamatwa. Kosa lake ni kuolewa. Amri namba 00486 ya Agosti 1937 iliagiza wake wa walioitwa wasaliti wafungwe miaka mitano hadi minane. Alipelekwa kambi ya Akmolinsk, nyikani Kazakhstan, ambako wanawake walikata matete ziwani kwenye baridi kali ili wapate cha kuwasha. Husimuliwa kwamba siku moja Wakazakhi wa jirani waliwarushia mawe, walinzi wakacheka. Mfungwa mmoja akaanguka juu ya mawe yale, akasikia harufu ya maziwa. Kumbe ni kurt, vibonge vya jibini iliyokaushwa.

Mtoto wao alilelewa Georgia na bibi mzaa mama, wakati ambapo wengi walichana picha za marafiki waliokamatwa. Nampa heshima kubwa bibi yule. Kira alitoka hai, akarudi kwenye kazi ya sinema, akafariki mwaka 1960.

Wanangu, huenda siku moja mwenzenu akaandamwa kwa sababu ya mume, baba au kaka yake. Msilifute jina lake kwenye orodha ya waigizaji. Mpigieni simu mama yake. Nendeni mkamchukue mtoto wake shuleni, mchana, watu wakiona.