Mbele ya Kufungua Sanduku, Kila Franka Iwe na Jina Lake

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa kikundi cha akiba cha wadada wa chama chetu, hapa Kalemie. Kamati imeomba yaandikwe kwa faida ya wanachama ambao hawakufika, na ya wafadhili wetu.)



Juma lijalo tunafungua sanduku. Miezi kumi mmekaa hapa kila juma, mvua na jua, mnanunua sehemu zenu na kupigiwa muhuri kwenye kijitabu. Siku ile kila mmoja atarudi nyumbani na pesa mkononi, na kwa wengi wenu itakuwa pesa nyingi kuliko zote mlizowahi kushika mara moja. Furaha hiyo ni haki yenu. Lakini mimi nimekuja kuongelea siku ya pili yake.

Juu ya nini? Juu pesa ikitoka sandukuni bila jina, watu wengine wataipa jina. Kaka atasema, "Dada, niko na shida kidogo, unisaidie tu na elfu ishirini, nitakurudishia." Mwenye duka atakumbuka deni la sukari. Mwenye nyumba atapita kusalimia, na si salamu tu inayomleta. Siku tatu, pesa imeisha, na hakuna mtu aliyekuibia. Kwa hiyo ombi langu ni moja: pesa igawanywe kichwani mbele ya kugawanywa mezani. Kila franka iwe na jina lake.

Najua wengi wenu mmekulia kambini, Kala na Mwange kule Zambia, ao Lugufu na Nyarugusu kule Tanzania. Kambini maisha yalikuwa magumu, lakini chakula kiligawiwa, na nyumba haikuwa ya kupanga. Hapa Kalemie kila kitu ni pesa: makala, maji, unga wa bukari, dawa, na nyumba ambayo mwenyewe anataka garanti ya miezi kadhaa mbele ya kukupa ufunguo. Kupanga pesa ni kazi ya kujifunza, sawa vile kushona. Mtu hazaliwi nayo.

Majina ni matatu.

Jina la kwanza: PESA YA KAZI. Tuchukue mfano wa dada anayeuzisha ndagala. Tuseme ananunua ndoo kwa franka 60.000. Analipa moto 4.000, taksi ya soko 2.000, mifuko 1.000. Jumla yake ni 67.000. Anakausha, anapanga mafungu, kwa siku mbili anauzisha yote na kupata 82.000. Mwulize faida, atakuambia 22.000, juu anakumbuka bei ya ndoo peke yake. Faida yake ya kweli ni 15.000. Akipeleka 22.000 nyumbani, amekula 7.000 ya mtaji. Mzunguko wa pili anabaki na 60.000: ndoo ataipata, lakini pesa ya moto na ya taksi atakopa. Mizunguko mitano namna hiyo, 35.000 ya mtaji imeliwa, yaani zaidi ya nusu. Halafu watu wanasema biashara yake imerogwa. Hapana. Biashara haikurogwa, imeliwa pamoja na sombe.

Kwa hiyo andika kila franka inayotoka, hata ya mfuko. Kama hujui kuandika vizuri, mtoto wa shule akuandikie. Na pesa ya kazi isilale pamoja na pesa ya chakula. Mifuko iwe miwili, hata kama yote ni ya kitambaa.

Jina la pili: PESA YA NYUMBA. Hii njo inayoleta ugomvi, kwa hiyo iwe na kipimo. Katika ile faida ya 15.000, dada wetu ajilipe kama mfanyakazi wake mwenyewe: tuseme 10.000 kwa nyumba, 2.000 irudi kukuza mtaji, 3.000 iende kwa jina la tatu. Kipimo chako kinaweza kuwa kingine. La muhimu ni kiwepo, na watu wa nyumbani wakijue. Ukisema "sina," hawatakuamini, juu wanakuona sokoni kila siku. Ukisema "ya nyumba ni hii, ile ingine ni ya kazi, nikiigusa juma lijalo hatuli," hapo utaeleweka.

Jina la tatu: PESA YA SIKU MBAYA. Sisi watu wa ziwa tuna siku mbaya ambazo tunajua tarehe yake. Wavuvi wanavuta ndagala kwa taa usiku. Mwezi ukiwaka, taa haina nguvu, ndagala inapungua sokoni, na bei ya ndoo inapanda. Kila mwezi ni vile vile, na kila mwezi kuna dada anayekopa kana kwamba jambo hilo limemshtua. Zile 3.000 za kila mzunguko njo za kukuvusha siku hizo. Malaria ya mtoto na msiba havina kalenda, lakini navyo vinakuja.

Sasa, kila jina likae wapi?

Likelemba ni nzuri kwa kitu kimoja unachokijua: beseni jipya, mabati, cherehani. Lakini zamu yako ikiwa ya nane na mtoto akaugua mwezi wa pili, haikusaidii, isipokuwa wenzako wakubali kubadilisha zamu. Tena inatoa kile ulichoweka, haiongezi kitu.

Sanduku letu, AVEC, ni jambo ingine. Mfumo huu ulianzia kwa wanawake wa Niger mwaka wa 1991, na leo uko katika inchi nyingi za Afrika. Funguo ni tatu, wenye funguo ni watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa ine. Mnakopeshana, faida ya mkopo inarudi kwenu wenyewe siku ya kugawana. Mfuko wa kusaidiana uko pembeni kwa ugonjwa na msiba. Hapa njo pahali pa akiba ya mwaka.

Simu, yaani M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, inafaa kwa pesa ya siku mbaya, juu iko karibu lakini haiko mkononi. Namba ya siri ni yako peke yako. Hata kijana wa kibanda usimtajie, bonyeza mwenyewe. Anayekupigia na kusema umeshinda zawadi, umtumie kidogo kwanza, huyo ni mwizi.

Na pesa ya garanti ya nyumba, kama mwenyewe anahesabu kwa dola, ibadilishe dola mara tu unapoipata. Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Mwaka wa 1993 zaïre mpya moja ilichukua nafasi ya zaïre za zamani milioni 3. Mwaka wa 1998 franka moja ikachukua nafasi ya zaïre mpya 100.000. Aliyekuwa ameficha noti chini ya godoro alibaki na karatasi.

Neno juu ya deni. Kuna wakopeshaji wa mtaani, wale tunaoita Banque Lambert. Tuseme anataka 30 juu ya kila 100 kwa mwezi. Umechukua 50.000, mwezi wa kwanza ni 65.000. Ukishindwa kulipa, mwezi wa pili ni 84.500. Ndagala gani inaleta faida ya namna hiyo? Kopa sandukuni, kopa kwa kazi inayorudisha pesa, na usikope kwa ajili ya pagne ya sherehe.

Kwa wadada walioolewa, na kwa wababa waliokuja leo: sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha Kodi ya Familia ya 1987. Ile ruhusa ya bwana, ambayo mke alipaswa kuwa nayo mbele ya kufanya tendo la kisheria, iliondolewa. Sheria sasa inataka bwana na bibi wasikilizane. Kusikilizana si kuficha, na si kunyang'anya. Ningependa hesabu hii muifanye wawili, mbele ya siku ya sanduku, si usiku wake.

Kwa wafadhili wetu: asanteni kwa sanduku, vijitabu na mafundisho. Wengine mmeuliza kama mnaweza kuongeza pesa ndani ya sanduku. Nawaomba msifanye hivyo. Pesa iliyotoka kwa jasho la jirani, mtu anairudisha, juu jirani anamwona kila siku. Pesa ya mgeni inaitwa msaada, na msaada watu hawazoei kuurudisha. Mkitaka kusaidia, lipieni mwalimu wa kusoma na kuhesabu. Wako wadada hapa ambao kijitabu chao wanasomewa na mwingine, na asiyeweza kusoma kijitabu chake anaishi kwa huruma ya mwandishi.

Wadada, kazi ya nyumbani ni ndogo. Usiku wa leo chukueni karatasi, chora mistari mitatu: kazi, nyumba, siku mbaya. Andikeni kiasi mbele ya kila jina, na mlete karatasi hiyo juma lijalo. Wenye funguo watafungua sanduku baada ya kila mmoja kusoma yake, ao kusomewa. Atakayependa kunung'unikia ile ya mwenzake, anyamaze. Pesa ni ya mwenyewe.

Sasa maulizo.