Wajibu wa Jirani Boma Liwakapo Moto
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanachama, Chepseon)



Tumeombwa kunena juu ya swali hili: je, yafaa mataifa kuingia kati raia wa nchi nyingine wanapoangamia? Wako wasemao kuwa kila nchi ni boma lenye mwenyewe, wala mgeni haingii bila hodi. Neno hilo ni la adabu, nasi twaliheshimu. Lakini boma likiwaka moto na watoto wakilia ndani, jirani angojaye kukaribishwa atakaribishwa matangani.

Ndivyo ilivyokuwa Rwanda. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji yakiwa yamekwisha kuanza, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliazimia kupunguza askari wake huko wabaki 270 tu. Katika siku kama mia, watu wapatao 800,000 waliuawa. Mkuu wa idara ya kulinda amani siku zile alikuwa Bwana Kofi Annan. Mwaka 2005, yeye akiwa Katibu Mkuu, mataifa yalikubaliana kwamba kulinda raia ni kazi ya serikali yao kwanza. Nayo ikishindwa waziwazi, na njia za amani zisipotosha, mataifa yawe tayari kutenda kwa pamoja.

Kisha zamu yetu ikafika. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Wakenya zaidi ya 1,100 walipoteza maisha. Huku kwetu nyumba zilichomwa, na wachumaji wa chai waliokaa nasi miaka mingi wakakimbia na watoto wao mgongoni.

Bwana Annan alifika Nairobi tarehe 22 Januari 2008, pamoja na Mama Graça Machel na Mzee Benjamin Mkapa. Hawakuleta bunduki, walileta subira. Tarehe 28 Februari Bwana Kibaki na Bwana Odinga wakatia sahihi mapatano. Libya, mwaka 2011, mataifa yaliingia kwa mabomu, na nchi ikagawanyika baadaye. Kwa hiyo kuingia kati ni wajibu, lakini namna ya kuingia yataka busara.

Ndugu zetu, hatuna budi kuungama. Mgeni alisafiri kutoka mbali kuja kutupatanisha, ilhali sisi tuliouona moshi kwa macho yetu, wengi wetu tulifunga milango. Wachache waliwaficha jirani zao ghalani. Hao ndio waliotuhifadhia heshima. Tena mpatanishi alipowasili, majuma matatu yalikuwa yamekwisha kupita, na wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Basi twaomba mambo mawili. Wazee wetu na wazee wa makabila mengine wakutane kabla ya kila uchaguzi, wala si baada yake. Na mfuko wetu wa msaada umjue pia mgeni akaaye kambini, afiwapo au auguapo. Mtu uliyemzikia mtoto wake, ni vigumu kumchomea nyumba.