Takataka Nazo Hupumua
Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia



Nyote mnaijua fimbo tunayochomeka kwenye rundo la mboji. Ukiichomoa ikawa na joto na harufu ya udongo, hewa inapita. Ikinuka kama yai viza, rundo limelowa mno au limekanyagwa. Basi, wenye majaa makubwa ya taka wana shida iyo hiyo, ila rundo lao ni la mita nyingi kwenda chini. Fimbo haifiki.

Wao huchimba kisima chembamba na kuteremsha bomba lenye matundu. Kando yake, karibu na mbali, huchomeka vibomba vidogo vyenye geji. Kisha mashine inasukuma hewa, huku wakipima inaingia kiasi gani kwa dakika, na kwa nguvu gani. Geji ya mbali ikisogea, taka zinapitisha hewa. Mashine ikilia na geji imelala tu, hapo pameziba! Hesabu yake inatokana na kanuni ya Mfaransa Henry Darcy ya mwaka 1856, aliyepima maji yakipita mchangani.

Kwa kawaida hewa hupita kwa ubavu kwa urahisi kuliko kwenda chini, maana taka hushindiliwa tabaka juu ya tabaka, kama chapati kwenye sufuria. Mvua nayo hujaza vile vitundu.

Mbona wasumbuke hivyo? Pasipo hewa taka hutoa methani, gesi inayowaka. Ikiwa kati ya sehemu 5 na 15 kwa 100 za hewa, cheche moja yatosha. Huko Fukuoka, Japani, tangu miaka ya 1970 hulaza mabomba chini ya jaa, maji machafu yatoke na hewa ijiingilie.

Lakini jamani, hewa si dawa kila mahali. Penye visima vya kuvuta gesi, pampu ikivuta kupita kiasi huingiza hewa, na taka zaweza kushika moto chini kwa chini, siku nyingi, bila mtu kuona mwali. Ndiyo maana hupima kwanza.

Na shimo la taka la hapa nyumbani? Plastiki itengwe, kwani hulala kama paa na kuzuia hewa. Majivu yenye makaa yasimwagwe humo. Mtoto asishuke kuokota chupa, hata kama hapanuki: kaboni dayoksaidi ni nzito, hutuama chini ya shimo, na haina harufu.